Bata wa Pwani za Barafu: Mwindaji Achukue Wangapi, na Kwa Hesabu Gani?

Katika miezi ya Disemba na Januari, kaskazi inapovuma na maji ya bamvua yakishakupwa, wanawake wa Kisiwa Panza na vijiji vingine vya kusini mwa Pemba hushuka mwambani kuchokoa pweza, bahari ikiwa vuguvugu miguuni mwao. Miezi hiyo hiyo, kwenye pwani ya Maine kaskazini mashariki mwa Marekani, kuna watu wanaoamka saa tisa usiku, wakavaa nguo nzito za sufu, wakakwangua barafu iliyoganda kwenye mashua zao na kwenda kujibanza juu ya jabali lililozungukwa na mawimbi, wakisubiri bata. Picha zao hutufikia kwenye simu, na wengi wetu huzitazama kwa mshangao. Kuna maswali mawili yanayostahili kujibiwa vizuri. La kwanza ni kwa nini uwindaji huu hufanywa wakati wa baridi kali na ufukweni, ilhali nchi zile zina maziwa na mito isiyohesabika. La pili ni gumu zaidi: inakuwaje watu wanaowapiga bata risasi ndio hao hao wanaotoa fedha ili bata wasiishe, na serikali hutumia kipimo gani kumwambia mwindaji kwamba bata wa aina hii achukue kadhaa, lakini wa aina ile asizidishe mmoja au wawili?

Swali la kwanza hujibiwa na barafu. Maji baridi ya ziwa huganda kwenye nyuzi sifuri za Selsiasi, na likishaziba bata hawezi tena kufikia majani, mbegu na wadudu anaowala. Maji ya bahari, kwa sababu ya chumvi, hayagandi mpaka yafikie takriban nyuzi 1.8 chini ya sifuri, na hata baridi ikizidi hapo, mawimbi pamoja na kujaa na kupwa kwa maji huyazuia yasitulie yakashikana. Maine maji hupanda na kushuka kwa takriban mita 3 hadi 6 kutegemea mahali, yaani kama bamvua letu au zaidi, na kila yanapotoka huacha wazi vinamasi vya chumvi, matope na miamba iliyojaa kome. Kwa hiyo nchi kavu inapofungwa na theluji, bata husukumwa pwani kwa makundi, na mwindaji huwafuata huko.

Wanaokutana huko si bata wa namna moja, na jambo hili ndilo shina la makala yote. Wapo bata wa maji baridi ambao hukimbilia pwani kwa dharura tu, kama yule wa kichwa cha kijani anayejulikana karibu ulimwengu mzima wa kaskazini na ambaye ndiye asili ya bata wengi wanaofugwa. Huyu hali kwa kuzamia mbali. Huinamisha kichwa majini mkia ukibaki juu. Kisha wapo bata wa bahari hasa, ambao mkuu wao ni eida, ndege mzito wa kilo 2 hivi, ambaye maisha yake yote ni ya maji ya chumvi. Eida huzama hadi kwenye mwamba, akang'oa kome na kummeza mzima na gamba lake, na firigisi yake ndiyo inayosaga gamba lile. Bata mwingine wa bahari, mwenye mkia mrefu kama upanga, ameonekana kuzamia hadi mita 60, kina ambacho mpiga mbizi wetu wa kawaida hakifikii. Juu ya macho yao bata hawa wana tezi zinazotoa chumvi ya ziada mwilini, na ndiyo maana wanaweza kunywa maji ya bahari. Miguuni, mshipa unaoshusha damu ya moto hupita bega kwa bega na ule unaopandisha damu ya baridi, joto likahamia kwenye huo wa pili kabla halijapotea kwenye nyayo, na hivyo bata husimama juu ya barafu asidhurike.

Mwindaji hana zawadi hiyo. Maji ya Maine mwezi Januari huwa nyuzi chache tu juu ya sifuri, wakati bahari ya Unguja msimu huo hufika nyuzi 28 au 29. Mtu akitumbukia katika maji ya namna ile, dakika ya kwanza ni ya kuhangaika na pumzi, kwa sababu mwili hushtuka na kuvuta hewa bila hiari. Dakika kama 10 zinazofuata ndizo ambazo mikono bado inamtii. Na baada ya saa moja hivi huanza kupoteza fahamu kwa kupungukiwa na joto. Kwa hiyo kazi nyingi ya uwindaji huu hufanywa kabla ya risasi ya kwanza: kujua saa ambayo maji yatafunika jabali, kujua upepo utageuka lini, na kupanga bata wa bandia.

Bata hao wa bandia ni ufundi wa zamani sana. Katika pango la Lovelock, jimbo la Nevada, walipatikana bata waliosukwa kwa matete na wenyeji wa asili wa Marekani takriban miaka 2,000 iliyopita, na bado sura yao inatambulikana kuwa ni ya bata. Wa siku hizi ni wa mbao, kizibo au plastiki. Hufungwa katika kamba moja ndefu yenye nanga, wakapangwa wakielekea upepo unakotoka, kwa kuwa bata aliye hai hutua hivyo hivyo, na katikati huachwa nafasi wazi ya maji ambayo ndiyo mlango. Bata wa bahari huruka chini, karibu waguse mawimbi, na wakiona wenzao wamekaa hugeuka kuja kujiunga nao. Mwindaji huwa na muda mfupi mno wa kumtambua ndege kwa rangi ya bawa na umbo la kichwa, kwa sababu sheria hutofautisha aina na aina, na mara nyingine dume na jike. Bunduki ya marisau, yaani ya chembe ndogo zinazotawanyika, haitakiwi kushika zaidi ya risasi 3 kwa mara moja, kupiga hakuruhusiwi mapema zaidi ya nusu saa kabla ya jua kuchomoza, na ndege anaposafirishwa kwenda nyumbani lazima abakizwe bawa moja lenye manyoya yake yote au kichwa, ili askari wa wanyamapori akimsimamisha mtu njiani aweze kujua ni bata gani aliyemo kwenye mfuko.

Bata aliyeanguka huchukuliwa na mbwa. Wasasi wa Unguja, ambao wamezoea kuingia msituni na mbwa wao, wataelewa haraka mbwa aliyefundishwa ana thamani gani. Tofauti ni kwamba yule wa Maine huogelea katika maji ya barafu, akamshika ndege bila kumtafuna na kumrudisha mkononi. Na kwa kuwa msomaji wetu lazima atajiuliza kuhusu uhalali wa nyama hiyo, Sura ya Maida, aya ya 4, imeruhusu kula kilichokamatwa na wanyama wa kuwindia waliofundishwa, kwa sharti la kulitaja jina la Mwenyezi Mungu. Masuala ya marisau na ya ndege aliyekutwa hai au amekwisha kufa yana ufafanuzi wake kwa masheikh, nami nawaachia wao.

Masharti haya yote hayakuanza kwa hekima. Yalianza kwa hasara. Katika karne ya 19 nyama ya bata mwitu ilikuwa biashara kubwa, hasa kwenye ghuba ya Chesapeake, ambako wawindaji wa soko walifunga bunduki kubwa mfano wa mzinga mdogo kwenye mitumbwi, wakalinyatia kundi lililolala majini usiku na kuangusha makumi ya ndege kwa mpigo mmoja. Mapipa ya bata yalipelekwa kwa meli na reli hadi hoteli za Baltimore, Philadelphia na New York. Hakuna aliyekuwa akihesabu, na hakuna aliyeona sababu ya kuhesabu.

Wakati huo kulikuwa na bata mmoja wa bahari, bata wa Labrador, dume lake jeupe na jeusi, aliyekuja kila majira ya baridi kwenye fukwe kati ya New England na New Jersey kula viumbe wenye magamba. Nyama yake haikusifiwa. Inasemekana ilining'inizwa sokoni mpaka ikaoza bila mnunuzi. Hata hivyo alipungua mwaka hadi mwaka, na yule anayekubaliwa kuwa wa mwisho kuthibitishwa aliuawa karibu na Long Island mwaka 1875. Wataalamu hawajakubaliana kwamba bunduki peke yake ndiyo iliyommaliza, kwani huenda chakula chake nacho kilipungua na mayai yake yalichukuliwa. Kwangu mimi kutokubaliana huko ndiko kunakoumiza zaidi: aina nzima ya ndege iliondoka duniani mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiipiga na kuiuza, na hawakuandika vya kutosha hata kutuwezesha kujua sababu.

Sheria zilifuata. Mwaka 1900 Marekani ilizuia kusafirisha kutoka jimbo moja kwenda jingine ndege waliouawa kinyume cha sheria. Mwaka 1916 ikaandikiana mkataba na Uingereza kwa niaba ya Canada, kwa sababu bata huzaliwa Canada wakaja kupigwa Marekani, na sheria ya upande mmoja isingekuwa na maana. Sheria ya mwaka 1918 iliyotekeleza mkataba huo ndiyo iliyokomesha biashara yenyewe. Mpaka leo bata mwitu aliyewindwa Marekani haruhusiwi kuuzwa dukani wala hotelini. Aliyempiga atamla au atamgawa.

Sasa tufike kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wengi hupotea. Ni rahisi kudhani kwamba idadi inayoruhusiwa hutokana na wingi wa ndege wanaoonekana: wakiwa wengi chukua wengi, wakiwa wachache chukua wachache. Wingi una nafasi yake, lakini linalotawala zaidi ni kasi ya kuzaa. Bata wa kichwa cha kijani huanza kutaga akiwa na mwaka mmoja, naye hutaga mayai 8 hadi 13, na kiota kikiharibiwa mapema huweza kutaga tena. Wengi wa makinda yake hufa kabla ya mwaka kwisha, kwa njaa, kwa wanyama wala nyama au kwa baridi, awepo mwindaji asiwepo. Katika hali hiyo sehemu ya wale waliopigwa risasi ni ndege ambao majira yale yangewaua vyovyote vile, na waliobaki hupata chakula na nafasi zaidi ya kufika masika.

Eida yuko kinyume. Jike lake husubiri miaka 2 au 3 kabla ya kuzaa, hutaga mayai 4 au 5, na huyalalia kwa takriban siku 26 karibu bila kula. Makinda mengi huliwa na shakwe katika siku za mwanzo, na kuna miaka ambayo kundi zima linalotaga mahali pamoja halikuzi kitu. Ndege huyu amejiwekea akiba yake katika umri: mkubwa aliyenusurika huweza kuishi miaka 20 na kuendelea kujaribu. Ukimwondoa jike mmoja mzima, hujaondoa ndege ambaye baridi ingemchukua. Umeondoa miaka mingi ya viota. Kifo cha risasi kwa eida hakichukui nafasi ya kifo kingine, bali huongezeka juu yake. Hii ndiyo sababu kanuni za Marekani za miaka ya karibuni zimefupisha msimu na kupunguza idadi ya bata wa bahari kwa jumla, na zikawa kali zaidi kwa jike la eida kuliko kwa dume.

Pemba ina mfano wake wa pande zote mbili. Pweza hukua haraka sana, huishi mwaka mmoja au zaidi kidogo, na jike hutaga mayai maelfu kwa maelfu kisha akafa. Kwa hiyo wanakijiji wanapokubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache, siku ya kufungua hukuta pweza wazito, na faida ya subira huonekana ndani ya msimu huo huo. Lakini popo wa Pemba, ambaye hapatikani kwingine kokote duniani, huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja. Aliwindwa kwa ajili ya nyama mpaka ikafika mwishoni mwa miaka ya 1980 akawa katika hatari ya kutoweka, na kumwokoa kulitaka kazi ya miaka mingi ya kuelimishana vijijini na kulinda miti wanayolala, kama inavyofanyika Kidike, si mbali na Chake Chake, ambako leo mgeni huwaona wakining'inia kwa mamia. Kumfungia popo miezi mitatu kama pweza kusingefaa kitu. Bata wa kichwa cha kijani huwindwa kwa hesabu inayokaribia ile ya pweza, na eida kwa hesabu inayokaribia ile ya popo. Anayewachanganya wawili hao kwa kuwa wote huitwa bata hufanya kosa ambalo matokeo yake yataonekana baada ya miaka 10, wakati marekebisho yamekuwa magumu.

Ili hesabu hiyo iwe na msingi, tangu mwaka 1955 marubani wenye elimu ya wanyama hupaa kila mwezi Mei juu ya nyanda za Canada na kaskazini ya Marekani, ndege zao zikiruka chini sana kwa mistari iliyonyooka, wakihesabu bata na vidimbwi vyenye maji. Vidimbwi huhesabiwa kwa sababu mwaka wa ukame ni mwaka wa makinda machache. Tangu mwaka 1995 matokeo hayo huingizwa katika utaratibu ambao kila mwaka hulinganisha kilichotabiriwa na kilichotokea, ndipo msimu ujao ukapangwa. Udhaifu wake ni kwamba uchunguzi huo uliundwa kwa ajili ya bata wa nyanda. Eida huzaa kwenye visiwa na fukwe za mbali ambazo mistari ile haizipitii vizuri, kwa hiyo yule anayehitaji uangalifu zaidi ndiye ambaye habari zake ni chache.

Fedha nazo zina mwelekeo huo huo. Mwaka 1934 Marekani ilianzisha stempu ya bata, ya kwanza ikiwa imechorwa na mchoraji wa katuni Jay Darling na kuuzwa kwa dola 1. Sasa bei yake ni dola 25, na kila mwindaji wa bata mwenye umri wa miaka 16 na zaidi lazima awe nayo. Senti 98 za kila dola hutumika kununua au kukodi ardhi ya vinamasi kwa ajili ya hifadhi za taifa. Mpaka sasa zimepatikana zaidi ya dola bilioni 1.1 na kulindwa takriban ekari milioni 6, eneo ambalo ni kama mara tisa ya Unguja na Pemba kwa pamoja. Ni kazi kubwa, na yeyote anayesema kuwa wawindaji wale ni waharibifu tu hajaitazama. Hata hivyo kinamasi kinaweza kununuliwa, bahari haiwezi. Ghuba ya Maine inapata joto haraka kuliko sehemu kubwa ya bahari za dunia, kome wa miambani wamepungua, na hakuna stempu inayoweza kumnunulia eida mwamba wa kome.

Kuhusu sumu ya madini ya risasi, ambayo marisau yalitengenezwa kwayo, inatosha kusema machache. Bata humeza changarawe ili firigisi isage chakula, na marisau yaliyozama matopeni hayatofautiki na changarawe. Madini ya risasi humyeyukia tumboni, akalegea mabawa, akakonda na kufa, na tai anayemla hudhurika pia. Marekani ilipiga marufuku marisau ya risasi kwa uwindaji wa bata nchi nzima mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya ukafanya hivyo katika ardhi oevu kuanzia Februari 2023. Sasa hutumika chuma na madini mengine.

Kaskazini zaidi, Iceland ilichagua njia nyingine kabisa. Huko eida amelindwa asiwindwe tangu mwaka 1847, na wakulima wa pwani hulinda viota vyake dhidi ya mbweha na shakwe, wakakusanya manyoya laini ambayo jike hujing'oa kifuani kutandikia mayai. Viota kama 60 hutoa kilo moja ya manyoya safi, ambayo bei yake ni kubwa sana, na ndege hurudi pale pale mwaka unaofuata. Siioni njia hiyo kuwa inafaa kwa kila bata, kwani wa kichwa cha kijani hana manyoya ya thamani hiyo, lakini kwa ndege azaaye polepole sijaona mpango bora zaidi.

Haya yanatuhusu sisi kwa sababu njia za ndege hazikomei Marekani na Ulaya. Kuna bata mdogo, dume lake likiwa na mstari mweupe juu ya jicho, anayezaa kuanzia Ulaya hadi Siberia na kuja Afrika, Tanzania ikiwamo, majira yale ya baridi ya kwao, akipita juu ya bunduki za nchi nyingi. Kwenye michanga ya Pemba na Unguja hukaa ndege wa pwani waliozaliwa karibu na Ncha ya Kaskazini, pamoja na yule mweupe mwenye mgongo mweusi anayekula kaa, ambaye huchimba viota vyake mchangani kwenye fukwe za Ghuba ya Uajemi, Bahari ya Shamu na Somalia. Mkataba wa ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika na Ulaya na Asia uliandikwa The Hague mwaka 1995 na kuanza kufanya kazi mwaka 1999. Tanzania ni mwanachama. Mkataba huo unazitaka nchi ziache marisau ya risasi katika ardhi oevu, na ziwinde, zikiwinda, kwa kadiri ya hali ya kila aina ya ndege na si kwa kadiri ya hamu ya wawindaji. Anayewaona bata mwitu katika mabonde yetu ya mpunga akataka kujua kama wanaweza kuchukuliwa, basi swali la kuanza nalo ni hilo hilo la eida: wanaanza kuzaa wakiwa na umri gani, wanakuza makinda mangapi, na nani amewahesabu huko wanakotaga.